Fundi Aliyewafunga Kuku Utepe

Cherehani ya Fundi ilikuwa na sauti ambayo mtaa wetu wa Gisenyi uliizoea mpaka hatukuisikia tena. Tuliisikia iliposimama. Ikisimama ghafla, katikati ya mshono, mteja akiwa bado na pini begani, sisi wanawake wa barazani tulitazamana na kunyamaza. Tulijua kuku amepiga chafya mahali fulani, na kwamba Fundi amemsikia kabla yetu.

Sitasimulia alizaliwa wapi, wala babu yake alifika na msafara wa nani. Wapo wanaojua, na kila mmoja anajua lake. Mimi nilikuwa jirani yake tu, tukitenganishwa na ua wa matete, miaka ile ya hamsini nilipokuwa mke mpya wa baharia wa meli za ziwani. Ninachotaka kusimulia ni jinsi mtu huyu, aliyetufundisha sote kumweka kando kuku mgeni, alivyoivunja sheria yake mwenyewe kwa ajili ya mitetea miwili, na jinsi nusura aiponze heshima ya mwanamke aliyempenda. Lakini nikianza hapo hamtamwelewa. Kwanza lazima mumwone sokoni.

Siku ya soko wanawake wa Bugeshi walishuka kutoka kwenye baridi yao, matenga ya viazi na ya kuku vichwani, miguu imejaa udongo mweusi wa milima ya moto. Watu wengine walinunua kuku kwa kumpima uzito mkononi na kubishana bei. Fundi alimchukua mtetea, akampulizia manyoya chini ya mkia, akamfungua mdomo na kumnusa, kisha akamweka sikioni na kufumba macho, kama mtu anayesikiliza saa kama bado inatembea. Wanawake wa Bugeshi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakujali. Alipofumbua macho aliuliza swali lake lile lile.

"Hii kuku ililala wapi jana?"

"Ililala kwangu, Fundi. Italala wapi tena?"

"Peke yake?"

"Ayiwe! Unataka nikuambie na jina ya bwana yake?"

Soko lilipasuka kwa kicheko, na Fundi akangoja kimya mpaka kikaisha, halafu akauliza tena. Alitaka kujua kama mtetea amelala nyumbani kwa muuzaji, au amelala njiani, kwenye tenga moja na kuku wa watu watano, akinyeshewa. Aliyelala njiani hakumnunua hata kama angepewa bure. Alijisifu kwamba tangu aanze kufuga hakuna mwanamke wa soko aliyewahi kumuuzia kuku mgonjwa, na majisifu hayo aliyarudia mara nyingi mno, mimi nawaambia ukweli. Hata mteja aliyekuja kushonewa kaptura aliondoka akiwa ameyasikia.

Kuku aliyeshinda mtihani huo bado hakuingia bandani. Nyuma ya nyumba, upande usio na upepo wa ziwa, Fundi alikuwa na tenga kubwa lililoinuliwa juu ya mawe manne. Aliliita karantini, neno alilolichukua kwa maaskari wa mpakani. Kuku mpya alifungwa mguuni utepe mwekundu uliokatwa kwenye mabaki ya vitambaa, akakaa humo siku saba. Siku ya nane utepe mwekundu ulitolewa na wa kijani ukafungwa, siku saba nyingine. Ndipo akafunguliwa na kupelekwa kwa wenzake, na Fundi akamwambia, kwa sauti ya mkuu wa wilaya, "Karibu Gisenyi."

Huyo ndiye mtu niliyekuwa jirani naye bila kujua bahati yangu.

Mwaka niliofika, nilinunua mitetea sita. Nilitaka niwe na kitu changu mwenyewe katika nyumba ile ya mama mkwe, ambamo hata mwiko ulikuwa na nafasi yake na mimi sikuwa na yangu. Mama mkwe alikuwa na desturi ya kwao: kuku mpya huzungushwa mafiga mara tatu ili asitoroke, kisha huingizwa kwa wenyeji jioni ile ile wapate kusalimiana. Nikawazungusha wote sita, mmoja mmoja, huku mama mkwe akihesabu. Usiku ule walilala wakibanana na majogoo yake kama ndugu. Nilijiona mwenye mali.

Siku ya tatu asubuhi nikasikia chafya, na cherehani ya jirani ikasimama. Kichwa chenye kofia kikatokea juu ya matete, midomo imejaa pini.

"We dada, uliingiza mugeni?"

"Mgeni gani?"

"Kuku."

"Juzi. Sita."

"Uliziweka wapi?"

"Pamoja na zingine, Fundi. Zisalimiane."

Akazitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kola ya shati lake. Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo alilifanya kwa mambo mazito tu, kama habari za msiba au nguo ya bibi arusi iliyokatwa vibaya. Kisha akauruka ua, mzee mzima, na shati akalichana.

Kuku wangu watatu walikuwa wamevimba uso. Macho yalifunikwa na povu, pua zinatiririka, na wakihema ilisikika kama mtu anayevuta uji wa moto. Fundi hakuwa na dawa ya chupa. Alisema dawa ya kwanza ni kumtenga mgonjwa, ya pili ni kumkausha, na ya tatu ni wewe mwenyewe kukosa kazi nyingine. Tukawaweka wagonjwa juu ya nyasi kavu na majivu, mbali na upepo. Nilipasha maji na kutia chumvi kidogo, na kwa kipande cha kitambaa nikawaosha macho asubuhi na jioni, kila kuku na kipande chake, kisha nikakichoma moto. Maji ya kunywa yalimwagwa na kubadilishwa mara tatu kwa siku. Wasioweza kula niliwanywesha uji wa mtama wenye kitunguu saumu kilichopondwa, tone kwa tone kwa kidole.

"Hapana harakisha," Fundi aliniambia. "Angoja imeze. Kuku ikipaliwa, utailia we mwenyewe."

Wawili walikufa. Wa kwanza mama mkwe alikuwa ameshamnyonyoa na kumtia chunguni, maana hakuona kwa nini nyama ipotee. Fundi aliinua kifuniko, akamtoa yule kuku kwa mikono mitupu, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, akaenda kumzika kwa kina cha mkono mzima nyuma ya choo. Mama mkwe hakumsemesha mwezi mzima. Wanne waliobaki walipona, na majogoo yake pia, na mmoja wa wale wanne akawa ananitagia mayai yenye kiini chekundu ambayo wapishi wa nyumba za kando ya ziwa waliyagombania. Kuanzia hapo mama mkwe aliacha kunionyesha nafasi ya mwiko.

Utadhani mtu wa namna hiyo alikuwa mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Kuku aliwagombeza kwa Kifaransa, "Silence! Silence!", na vifaranga walikimbia chini ya mama yao kana kwamba wameelewa. Kwa uzi alikuwa bahili: alikubebesha kipande cha kidole kimoja kilichobaki na kukuambia utakihitaji. Lakini tepe aligawa bila kuhesabu, na kila aliyenunua kuku mtaani alipita kwake kwanza kuchukua nyekundu mbili na kijani mbili. Kukiwa na kuku wengi wapya, nyua zetu zilionekana kama za siku ya sikukuu.

Hakula kuku. Kwenye karamu za Idi sahani ilipofika kwake aliipitisha kwa aliyekaa kulia, akachukua wali na mchuzi wa maharage.

"Mi siwezi kula mutu niliuguzaka," alisema.

"Fundi, huyu hukumuuguza. Alikuwa mzima."

"Njo mubaya zaidi. Alinitii."

Na hakuwa na siri. Ulimi wake ulikwenda pamoja na pedali. Ukikaa barazani kwake kwa muda wa pindo moja ungejua nani ameposa Nyakiriba, nani amefukuzwa bandarini, na nani anavaa fulana ya nduguye. Kitu kimoja tu hakukitamka maishani, nacho ni kipimo cha kiuno cha mwanamke. Alikipima, akatikisa kichwa, akasema, "Kama mwaka jana," na mwanamke akaenda zake na furaha, na nguo ikaja ikiwa imemkaa vizuri, na pana zaidi kuliko ya mwaka jana.

Sasa nafika kwa Mama wa Nengo. Wakati huo nilikuwa nimeshamzaa Roza, mtoto wangu wa kwanza.

Alikuwa mjane, akiishi kule juu Nengo, mwanamke mrefu mwenye cheko lililomtangulia njiani. Alipomaliza eda alimletea Fundi kitambaa cha buluu chenye maua ya njano, nguo yake ya kwanza ya rangi baada ya msiba. Fundi, ambaye gauni alilishona kwa siku moja, lile alilishona kwa majuma matatu. Alilifumua kola mara mbili. Alimwita aje kujaribu mara nne, na mara hizo zote alikuwa na pini mdomoni ili asilazimike kusema. Mtaa mzima uliona. Mama mkwe wangu alisema ikiwa mwanamke yule ataagiza na kitambaa cha kichwani, Fundi atafia juu ya mashini.

Siku ya kuchukua nguo Mama wa Nengo alikuja na kitenga kidogo. Mimi nilikuwa nikianika nguo upande wangu wa matete, na sitasema niliziba masikio.

"Fundi, mi sina maneno mingi," alisema. "Umenishonea nguo, nikajiona tena niko mutu. Nimekuletea hizi mbili. Nilizichagua mimi mwenyewe kwa soko, kwa mama wa Bugeshi."

Walikuwa mitetea miwili, mmoja mweusi tii, mwingine wa madoadoa. Fundi aliwapokea kwa mikono miwili kama inavyopasa kupokea. Nikamwona akigeuza macho kulitazama tenga la karantini, halafu akamtazama yule mwanamke aliyesimama akitabasamu katika nguo yake ya buluu. Nilijua anachowaza, kwa sababu ningewaza hivyo hivyo. Unawezaje kupokea zawadi ya mtu wa heshima na mbele ya macho yake kuifunga utepe mwekundu, kama vile umeambiwa ina ukoma? Kwetu, hata maziwa ya mgeni hayanuswi.

Hakuwapulizia manyoya. Hakuwaweka sikioni. Hakuuliza walilala wapi. Aliufungua mlango wa banda lake la kuku kumi na wawili, akawaingiza wale wawili kati yao, na akasema, "Karibuni Gisenyi."

Mama wa Nengo aliondoka akicheka kwa furaha. Kesho yake alivuka kwenda Goma, kwa dada yake aliyekuwa amejifungua.

Siku ya tatu cherehani ikasimama. Safari hii chafya ilitoka bandani mwake mwenyewe. Nikachungulia: Fundi alikuwa amesimama mbele ya banda, mkono juu ya kofia, na kuku wa madoadoa yuko miguuni pake, uso umevimba, jicho moja limefunga. Jogoo lake kubwa lilikuwa limeanza kukohoa. Na kuku wa Fundi walishinda wakizurura mtaani pamoja na wetu. Walichokuwa nacho wake, wangu wangekuwa nacho kabla ya Ijumaa, na wa nyumba zote hadi kisimani.

Ninataka mwelewe alivyobanwa. Akinyamaza, kuku wa mtaa mzima wangekwisha, wakiwemo wanne wangu, na ilikuwa imebaki wiki tatu tu kufika Idi. Akisema ukweli, angesema zawadi ya Mama wa Nengo imeleta maradhi. Na kwetu, zawadi ikileta maradhi watu hawasemi mafua, wanasema sumu. Mjane, anaishi peke yake, ametoa kitu kwa mkono wake, na kile kitu kimeua. Neno moja la namna hiyo lingepanda Nengo kabla yake, na pale ambapo angekaa watu wangeacha kunywa maji.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Nilimwona akianza kwetu, kofia mkononi. Mama mkwe alikuwa bado hajamsamehe vizuri kwa habari ya chungu.

"Mama, ugonjwa iko kwangu," alisema. "Fungieni kuku yote leo leo, kila mutu na yake. Tepe hizi hapa. Asubuhi nitapita kuangalia macho."

"Ilitoka wapi, Fundi?"

Akaigeuza kofia mkononi. "Nilinunua mbili kwa soko. Nilikuwa na haraka. Sikuuliza ililala wapi."

Mama mkwe akapiga makofi na kuapa kwa Kinyarwanda. "Yampaye inka! Fundi? We njo ulinunua kuku mugonjwa?"

"Mimi."

"Walikudanganya kama mutoto?"

"Kama mutoto, mama. Fungia kuku."

Alipotoka nilimfuata hadi penye matete. "Fundi, zile kuku mbona..."

"Mama Roza, we hukuona kitu."

"Niliona."

"Bon. Umeona, unyamaze."

Nikanyamaza, na yule mtu asiyekuwa na siri akaibeba siri yake ya kwanza, na ilimwelemea. Jioni hiyo mtaa wote ulikuwa umeshajua kwamba Fundi, bingwa wa kuku, ameuziwa mafua mawili na mwanamke wa soko. Wanaume walipita barazani wakiweka mkono sikioni na kufumba macho. Watoto walimwimbia. Siku ya soko wanawake wa Bugeshi walikuja wenyewe kumtafuta, wakiwa wanagombana ni nani kati yao aliyefanikiwa, maana kila mmoja alitaka sifa hiyo. Aliinamisha kichwa na kushona. Alfajiri na magharibi alipita nyumba kwa nyumba na birika la maji ya chumvi, akiwaosha macho kuku wa watu waliokuwa wakimcheka, na kila kuku na kitambaa chake. Sikuwahi kumpenda jirani kama nilivyompenda yeye wiki ile.

Siku ya kumi Mama wa Nengo akarudi. Alipita moja kwa moja barazani, amevaa ile buluu, na akatukuta pale wanawake sita, tunangoja nguo za Idi. Jirani mmoja hakuweza kujizuia.

"Fundi, ililala wapi jana?"

Wote wakaangua kicheko. Mama wa Nengo naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, kisha akauliza kinachochekwa ni nini. Wakamweleza. Alinunua mbili kwa soko, Fundi wetu, bila kuangalia, na mtaa mzima umefungia kuku.

"Rangi gani?" aliuliza.

"Moja nyeusi. Moja ya madoadoa."

Niliona cheko likimtoka usoni. Fundi alianza kukanyaga pedali kwa nguvu, na sindano ilikuwa inapita juu ya kitambaa ambacho hakikuwa na mshono.

"Fundi, simamisha mashini."

"Niko na kazi, mama."

"Simamisha."

Ikasimama. Mama wa Nengo akatugeukia.

"Zile kuku ni mimi nililetea yeye," alisema. "Ni zawadi. Yeye hakununua kitu. Anadanganya ju ya kunikinga."

Nilisikia maji ya ziwa. Nilijua neno gani lipo kwenye vinywa vya wanawake sita, na kwamba wa kwanza kulitamka atakuwa amemmaliza. Na nilimtazama mama mkwe wangu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ulimi kuliko wote na yeye ndiye aliyekuwa na kinyongo.

Mama mkwe alikohoa. Akaiweka chini kahawa yake.

"Donc, basi, ni mafua," alisema. "Hata yangu ilikuwa vile vile. Mi mwenyewe nilimwambia huyu muke wa mutoto wangu azungushe mafiga, azitie ndani. Mi njo nililetaka ugonjwa kwa nyumba yangu, na hakuna mutu aliniita murozi." Akatuzungushia macho, mmoja mmoja, mpaka kila mmoja akatazama chini. Kisha akamgeukia Fundi. "Na we, mujinga! Umeacha soko yote ikucheke ju ya mwanamuke, na hata hujamuposa?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Jirani aliyeanza maneno alicheka mpaka akalia. Fundi alizitafuta pini mdomoni ili azitoe, na hazikuwemo, na mikono yake ikabaki hewani haijui pa kwenda. Mama wa Nengo alivua kitambaa cha kichwani, akaikunja mikono ya gauni lake jipya, akauliza, "Maji ya chumvi iko wapi?"

Alishinda pale siku ile, na siku zilizofuata. Kuku wa Fundi walikufa watatu, na yule mweusi wa zawadi miongoni mwao. Mtaani alikufa mmoja tu, na alikuwa mzee. Wanne wangu hawakupiga hata chafya. Idi ilifika na mabanda yamejaa, na Fundi akapitisha sahani kulia kama kawaida, lakini safari hii aliyekaa kulia kwake, upande wa pili wa pazia la wanawake, tulijua ni nani.

Arusi yao ndiyo iliyonichekesha kuliko zote maishani mwangu, na yangu nikiihesabu. Bibi arusi alipofikishwa mlangoni, sisi wanawake wa mtaa tulijipanga mstari mbele yake, mama mkwe wangu katikati, tepe nyekundu mikononi.

"Huyu mugeni alilala wapi jana?" mama mkwe aliuliza.

"Nengo!" wakajibu waliomleta.

"Peke yake?"

"Peke yake!"

"Siku kumi na ine kwanza!"

Tukamfunga utepe mwekundu kifundoni, naye akicheka mpaka shungi likamwanguka, na bwana arusi akasimama ndani akitusihi, kwa Kifaransa na Kiswahili na Kinyarwanda, tusamehe sheria mara moja hii. Tulimwachilia bibi arusi pale Fundi alipotupatia mita mbili za kitambaa kizima. Sio mabaki, kizima. Ubahili wake ulikoma siku hiyo, kwa siku hiyo.

Halafu mume wangu alihamishiwa Bukavu, nasi tukahama. Nilifuga kuku huko pia, na kila mgeni kwenye banda langu alivaa tepe zake. Watu wa Bukavu walinicheka, kisha wakaja kuomba tepe.

Mara ya mwisho nilipomwona Fundi ilikuwa miaka michache baadaye, kabla mambo ya nchi hayajageuka. Nilipanda meli, nikaja Gisenyi kumtazama mama mkwe aliyekuwa anaumwa miguu, na mkononi nilikuwa na mitetea miwili, zawadi ya Fundi. Nilikuwa nimewakalisha karantini kwangu siku kumi na nne kamili. Niliwaacha na utepe wa kijani mguuni makusudi, aone.

Cherehani niliisikia tangu barabarani. Nilipofika, aliyekuwa akiikanyaga ni Mama wa Nengo. Macho ya Fundi yalikuwa yameanza kufifia, akikaa kando kwenye kigoda, akimtungia uzi kwa kupapasa na kumgombeza kwamba anautumia vibaya. Alinitambua kwa sauti. Alinishika mikono yote miwili na kuniuliza habari za Roza, za baba Roza, na za kuku, kwa mpangilio huo.

"Na we, mama, ulilala wapi jana?"

"Melini, Fundi. Inje, watu walikuwa wengi ndani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama nimemwambia kitu kibaya.

Nikampa mitetea. Aliwapokea kwa mikono miwili, vidole vikateremka mguuni, vikakuta utepe. Aliushika, akaupapasa pindo, akauliza ni rangi gani. Nikamwambia kijani, siku zimetimia. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akawaweka wale kuku mapajani, na nikaona uso wake umeingia taabu ile ile niliyoiona juu ya matete. Zawadi. Mtu wa heshima. Siku zimetimia, amesema mwenyewe.

"Peleka kwa karantini," alisema Mama wa Nengo bila kugeuka.

"Lakini ni zawadi ya Mama Roza. Na iko na kijani."

"Hata yangu ilikuwa zawadi."

Fundi akanigeukia, ameona haya. "Mama Roza, usikasirike. We nakuamini. Kuku, bado."

Nilimwambia ningekasirika kama asingefanya hivyo, na nilisema kweli. Nilimshika mkono tukazunguka nyuma ya nyumba. Tenga lilikuwa pale pale, juu ya mawe yale manne. Aliwafunga nyekundu yeye mwenyewe, kwa kupapasa, na fundo lilikuwa zuri kama zamani. Tulikunywa chai, tukamsema kila mtu tuliyemjua, na jua lilipoanza kushuka nikaaga niende kwa mama mkwe.

Nilikuwa nimeshavuka mtaro, cherehani ikiimba nyuma yangu, upepo wa ziwa ukaniingia puani, na nikapiga chafya.

Cherehani ikasimama.

"Mama Roza!" ilikuwa sauti ya Fundi. "Rudi. Utalala huku. Kwa mama mukwe hauingie leo."

Nikageuka. Mama wa Nengo alikuwa ameshasimama barazani, anacheka, utepe mwekundu mkononi, na Fundi nyuma yake anaita mtu apashe maji ya chumvi. Nikauvuka mtaro tena, nikawanyooshea mkono wanifunge.